Kiroboto Aonyeshe Njia

Binti yangu tunamwita Kiroboto kwa sababu hatulii. Hesabu anazifanya akizunguka chumba, na jibu linamtoka kabla hujamaliza kumsomea swali. Lakini mwalimu wao ana sheria: jibu lisiloonyesha njia ni sifuri, hata likiwa sahihi. Alimwambia akileta tena majibu matupu kwenye jaribio la Ijumaa, atahamishiwa kundi la wanaoanza upya.

Alhamisi jioni alinizunguka kwenye cherehani mpaka kichwa kikaniuma.

"Kaa uandike," mama yake alisema.

"Mama, jibu ni tisa! Niandike nini tena?"

"Basi msomee baba yako ulivyolipata."

"Baba aliishia darasa la saba, ataelewa nini?"

"Ndiyo maana umsomee polepole."

Niliinamia kitambaa nikacheka kwa aibu. Kiroboto akaketi ukingoni mwa kiti, mguu ukitikisika.

"Tatu iko nje ya mabano, ndani kuna x toa nne, na upande wa pili ni mbili x jumlisha tano. Tatu mara x ni tatu x, toa nne..." Akarudisha kidole kwenye mabano. "Ala! Kumbe hata nne inazidishwa na tatu!"

Alinyakua kalamu akaandika mstari kwa mstari, akapata kumi na saba. Mimi sikuambulia kitu.

Ijumaa alirudi mbio. Alikosa maswali mawili, lakini kila jibu lilikuwa na njia yake, na kundi hakuhamishwa. Kuzunguka hajaacha, sasa ananizunguka na daftari mkononi, akinisomea.