Alikokuwa Jumanne na Ijumaa

Fundi viatu hakubisha hodi. Aliingia uani na aproni yake ya gundi kifuani, akawakuta dobi na wifi yake wameshika shuka, huyu ncha hii na yule ncha ile, wanalikamua.

"Mama," alisema. "Mzee amefariki."

Hakuna aliyeachia shuka.

"Mzee gani?" aliuliza wifi, kana kwamba kuna wazee wengi ambao habari zao huletwa uani kwa dobi.

"Mzee Saa Kumi na Moja. Moyo umesimama. Wamemkimbiza hospitali, lakini alikuwa ameshatutoka."

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Dobi alimtazama machoni. "Ameanguka barabarani?"

Fundi viatu akageukia kamba za nguo, kama mtu anayetafuta shati lake. "Hapana. Alikuwa amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Kwa Mama Makochi. Kwenye kochi."

Hapo ndipo dobi alipoachia ncha yake. Shuka likaanguka matopeni, na yeye, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kuacha nguo ya mteja iguse chini, hakuinama kuliokota. Machozi yalikuja, lakini swali liliyatangulia. Mume wake aliaga tangu alfajiri kwamba anakwenda kukimbia. Kwa Mama Makochi, fundi makochi mjane, alikwenda kufanya nini?

Mungu ndiye shahidi, swali lile halikuzaliwa siku ile. Lilikuwa limeshatimiza miezi miwili.

Marehemu alikuwa mtunza stoo wa shule, mtu wa chaki, madaftari na funguo. Alipofika miaka hamsini na miwili, presha ilimpandia hadi akaona ukuta unacheza. Daktari akamwambia, "Mzee, usipotembea utabebwa." Akaanza kutembea hadi kona. Kona ikawa karibu mno, akaenda hadi sokoni. Kisha akakimbia. Mwaka haukuisha, suruali zake zote zikapunguzwa kiuno. Kila siku ya Mungu, mvua au vumbi, geti lao lililia saa kumi na moja alfajiri, na majirani wakaacha kutega saa zao. Jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vitabu vya shule. Mtaani aliitwa Saa Kumi na Moja.

Na kama ilivyo kwa walokole wapya, hakutaka kwenda mbinguni peke yake. Alikuwa akipita akigonga madirisha. "Amkeni! Kitanda ni jeneza lenye mto!" Jumamosi walimfuata watu saba, fundi viatu akiwa wa mwisho daima, anahema kama mvukuto wa mhunzi. Siku nyingine alikimbia peke yake, kwa kuwa hakuna aliyemweza. Hata Jumapili alikimbia kwanza ndipo akaenda kanisani. Mchungaji alimtania siku moja mlangoni, "Mzee, hata Mungu alipumzika siku ya saba."

"Alikuwa amemaliza kazi, Mchungaji," alijibu, akijipapasa tumbo. "Mimi bado nina kitambi."

Basi mtu wa namna hiyo mke wake amtilie shaka ya nini? Shaka iliingia kwa mlango wa kazi yake mwenyewe.

Dobi anajua jasho. Fulana ya jasho la kweli ikikauka huacha mistari myeupe ya chumvi mgongoni na kwapani, na ukiitumbukiza majini hutoa harufu yake kwanza ndipo ikubali sabuni. Jumanne moja mume wake alirudi amelowa chapachapa, akavua fulana yake ya buluu, akaitundika kwenye msumari wa bafuni. Mchana dobi alipoichukua ilikuwa imekauka, na haikuwa na chumvi hata punje. Akaiweka puani. Maji ya bomba matupu.

Jumatano, jasho. Alhamisi, jasho. Ijumaa, maji ya bomba.

Alingoja wiki nyingine. Ikawa vilevile. Na safari hii, nyuma ya kaptula yake, pale mtu anapokalia, aliona punje ndogondogo za manjano. Akazibandua kwa ukucha, akazisugua kati ya vidole. Sponji. Sponji ya godoro. Sasa mtu anakimbiaje hadi anatoka na godoro matakoni? Na godoro lenyewe la nani?

"Leo umefika wapi?" alimuuliza mezani.

"Darajani na kurudi."

"Umekutana na nani?"

"Watu wa kawaida tu."

Alijibu akitazama chai. Mtu huyu huyu, siku nyingine, angekueleza mbwa aliyembwekea, rangi yake na mwenye mbwa. Leo watu wa kawaida.

Alimweleza wifi yake, dada wa mume, ambaye huja kumsaidia kukamua mashuka. Wifi alicheka mpaka akashika kamba.

"Kaka yangu? Na magoti yale? Wifi, mwanamke gani anapokea wageni saa kumi na moja alfajiri?"

"Mwanamke anayeamka mapema."

"Basi mfuate ukaone."

"Nimfuate, na magunia yote haya ya nguo nimwachie nani?"

Lakini magunia hayakuwa sababu. Aliogopa kuona. Akawa anafua, ananusa, ananyamaza, na kila Jumanne na Ijumaa geti likilia, anafumbua macho gizani na kulala tena hawezi.

Sasa mwenye jibu alikuwa amelala kwenye chumba cha baridi cha hospitali, na nyumba imejaa watu. Dobi alipopita kwenda jikoni mazungumzo yalikatika. Alipopita kurudi, yakakatika tena. Nyuma ya pazia alisikia mwanamke mmoja akinong'ona, "Kochini kabisa, na viatu amevua." Mwenzake akajibu, "Dunia hii, mama! Ukimwona mtu anakimbia, uliza anakimbilia wapi."

Jioni Mchungaji alikuja kupanga mazishi. Yangekuwa Jumatatu. Alimwomba mjane aandae maneno machache ya kumuaga mume wake kaburini.

"Mtafute mtu mwingine," alisema dobi.

"Mama, hakuna anayemjua kama wewe."

"Ndiyo shida yenyewe, Mchungaji. Simjui. Nikisimama pale niseme alikuwa mume mwema, na kumbe watu wote wanajua ninachokificha, nitakuwa nimesema uongo mbele ya Mungu. Na nikinyamaza, watasema wenyewe."

Mchungaji hakumbishia. Alimwambia ana kesho na keshokutwa, aombe. Dobi alipiga magoti kando ya kitanda, lakini kila alipofumba macho aliona punje za manjano. Mwishowe akasema, "Mungu wangu, nionyeshe tu, hata kama itaniua," akainuka.

Jumamosi alasiri alijifunga khanga na kuchukua mfuko.

"Unakwenda wapi na watu wote hawa ndani?" wifi alimzuia mlangoni.

"Kufuata viatu vya kaka yako."

"Wifi, usiende kupigana."

"Nikienda kupigana nitakuita."

Karakana ya Mama Makochi ilikuwa banda la bati nyuma ya ghala la saruji, mahali ambapo mtu hapiti ila ana shida napo. Fremu za makochi zilisimama uchi kama mifupa. Kando ya ukuta kulikuwa na marobota ya sponji, ya manjano. Dobi aliyaona kabla hajamwona mwenyewe. Kumbe halikuwa godoro. Hilo peke yake halikumtuliza. Kochi pia hulaliwa. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja kitupu, kingine kimejaa na utando juu. Viwili, alihesabu.

Mama Makochi alikuwa mwanamke wa rika lake, mikono mipana, amebana misumari midogo midomoni kama wafanyavyo mafundi wa kazi ile. Aliitema kiganjani.

"Pole, dada."

"Pole nimepewa na wengi. Nimefuata maelezo."

"Nitakueleza, ila hutaniamini."

"Nitakuamini kwa lipi?"

Mama Makochi alivuta kigoda, dobi akakikataa, wakasimama wote wawili.

"Daktari alimwambia moyo umechoka," alianza. "Siku mbili kwa wiki asikimbie hata hatua moja, akae tu. Yeye alikuwa amekuja hapa kuleta viti vya ofisi ya shule, akaona hapapiti mtu. Akaniomba nafasi ya kukaa. Nikamwambia, Shemeji, kwako hakuna viti?"

"Shemeji? Tangu lini?"

"Tangu unifulie vitambaa vyangu mwaka juzi, dada. Ningemwitaje?"

Dobi alimwashiria aendelee.

"Akasema kwake hawezi. Alisema kuna siku alilala na mafua, ukacheka."

Ile siku dobi aliikumbuka mara moja. Ilikuwa kabla ya Jumanne ile ya fulana. Mume wake aliamka saa moja, anapiga chafya, na yeye akapaza sauti uani mbele ya wateja: "Njooni muone! Leo Saa Kumi na Moja imekwama!" Watu walicheka. Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, na fundi viatu alikuja kugonga dirisha lao: "Mzee, hebu nikumbushe, kitanda ni nini vile?" Mume wake alicheka pia. Kesho yake alikimbia mara mbili.

"Hapa alikuwa kama mwizi," aliendelea Mama Makochi. "Akisikia viatu vya mtu nje, ameinuka. Kila baada ya dakika kumi, 'Saa ngapi sasa?' Nikampa misumari iliyopinda ainyooshe, mikono yake isimshitaki. Muda ukifika, anajimwagia maji pale bombani. Nikamwambia, huo ni uongo, tena wa baridi. Akasema anajua, anautubu kila Jumapili."

Ilikuwa sauti yake kabisa. Lakini sauti ya marehemu inaweza kuigwa na yeyote aliyemsikia sana, na dobi alijiuliza huyu alimsikia kiasi gani.

"Maneno ni yako peke yako," alisema. "Mwenzako hawezi kukukanusha."

"Kweli. Basi usinisikilize mimi." Mama Makochi alikwenda kwenye kona, akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na kochi la watu watatu, mahameli ya kijani kibichi. "La mteja aliyesafiri. Nililimaliza wiki ile ile aliyoanza kuja. Hajalikalia mtu mwingine. Vitambaa unavijua kuliko mimi. Likague."

Dobi alipiga magoti. Mahameli ina vinyweleo. Inapokaliwa hulala na kung'aa, na huwezi kuisimamisha tena bila mvuke. Alipitisha kiganja kwenye kiti, polepole, kutoka mwisho huu hadi ule. Katikati, vinyweleo vimesimama. Upande wa kulia, vimesimama. Upande wa kushoto, ukingoni kabisa mwa mto, palikuwa na mahali pa upana wa mtu mmoja, pamelala na kung'aa. Nyuma ya hapo, vinyweleo vimesimama kama siku kitambaa kilipotoka dukani. Akapandisha kiganja kwenye egemeo la mgongo. Sehemu ya chini yote ilikuwa mpya. Kwa miezi miwili mtu yule alikalia ncha ya kochi la watu watatu, kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina.

Kiganja chake kilifika juu ya egemeo, kikasimama. Palikuwa na alama ya duara, ukubwa wa kichwa.

"Na hapa?"

"Hapo ni jana." Mama Makochi aliketi kwenye kile kigoda. "Jana alivua viatu, akaegemea. Mara ya kwanza. Nikasema moyoni, Mungu ashukuriwe, leo amepumzika. Nikaweka nyundo chini nisimwamshe. Nikamtengea chai. Ilipopoa ndipo nikamgusa." Alifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Ningeendelea kugonga, dada. Labda angeamka."

Dobi alibaki ameweka kiganja pale. Aliuliza bila kugeuka, "Aliniogopa?"

"Hakukuogopa. Aliona haya."

"Kwako hakuona haya?"

"Mimi sikuwahi kumsifu kwamba hachoki."

Neno hilo lilimchoma, na hakulisamehe upesi. Lakini alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, kilio ambacho tangu Ijumaa kilikuwa kimezuiwa na swali. Mama Makochi alifunga mlango wa karakana akamwacha alie. Jioni aliporudi nyumbani na viatu mfukoni, alimwambia Mchungaji, "Nitasema."

Jumatatu saa nane walimfikisha makaburini. Mtaa wote ulikuja, na walimu, na wanafunzi kwa mistari. Wanawake wawili wa nyuma walikuwa wameinamiana vichwa. Dobi aliwaona. Alisimama kando ya jeneza, akasema:

"Mume wangu Jumanne na Ijumaa hakuwa anakimbia. Daktari alimkataza. Alikuwa akipumzika kwa Mama Makochi, yule pale, kwa sababu aliona haya kupumzika mbele yetu. Tulimcheka. Mimi nilianza. Mama, asante kwa kumpa kiti. Mungu ampokee, amwambie akae vizuri."

Mtu mmoja alicheka, kisha akalia. Alikuwa fundi viatu. Wifi alianzisha wimbo wa kanisa na watu wakaupokea. Wanaume sita waliteremsha jeneza kwa kamba. Dobi alitupa udongo mara tatu, kisha wifi, kisha majirani. Mama Makochi alikuja wa mwisho, akatupa mara moja, akarudi nyuma. Makoleo yalipomaliza, waliweka msalaba na maua. Mchungaji aliomba, wote wakaitikia amina, na kabla ya saa kumi watu walianza kuondoka, dobi na wifi yake wakitembea nyuma yao.