Mlango Chini ya Godoro

Mwaka 2017 mama yangu alikubali kupanda ndege kuja Johannesburg, na mimi nikapandwa na wazimu wa furaha. Nilikuwa naimba kwenye foleni ya benki, watu wananigeukia. Miaka tisa hatujaonana! Kwenye simu nilikuwa nimeshamwahidi: "Mama, una chumba chako mwenyewe, kina dirisha kubwa, kinaingia jua." Chumba kilikuwepo kweli. Tatizo kilikuwa na mtu ndani.

Nyumba yetu ya Bertrams aliniachia marehemu mume wangu, mtu wa huku huku aliyenioa Morogoro alipokuwa mkimbizi wa siasa. Ni ndogo: chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko, na kile chumba cha uani kinachotazama kichochoro, ambacho nilikuwa nimempangisha fundi cherehani, mama mmoja wa Lubumbashi. Hakuwa na kosa lolote, mtu wa watu, hana makelele.

Jumatano, zikiwa zimebaki siku tatu mama atue, nilimwambia ahame kufikia Ijumaa. Hata mguu hakuuondoa kwenye cherehani.

"Mi siendi, mama. Sheria ya huku inasema mwezi muzima, na unaandika ku karatasi."

Sheria! Mimi nafundishwa sheria uani kwangu! Nikajisemea, huyu hanijui. Kwetu nilikokulia, mwenye nyumba akimchoka mpangaji habishani naye, anang'oa mlango. Mtu akishapigwa na upepo siku mbili anafungasha mwenyewe. Basi Alhamisi asubuhi, fundi alipokwenda Hillbrow kununua vitambaa, nikajifunga kibwebwe, nikachukua bisibisi, nikafungua bawaba zote tatu. Jamani, ule mlango ulikuwa mzito! Niliuburuta mpaka chumbani, nikausokomeza chini ya godoro, nikajilaza juu yake kuujaribu. Mgongo uliuma, lakini nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Fundi akarudi na mifuko yake.

"Mama, mulango yangu iko wapi?"

"Sijui mwenzangu. Labda umekutangulia kuhama."

Unadhani alihama? Thubutu! Alitundika kitenge chekundu pale palipokuwa na mlango, akakifunga pembeni, akasogeza cherehani kizingitini akaendelea kushona. Wapita njia, ambao siku zote walikuwa hawajui kama pale kuna fundi, wakaanza kuchungulia. Mmoja akaleta suruali ya kupunguza. Mwingine sketi ya shule. Ilipofika saa sita kulikuwa na foleni, na dada mmoja akaniomba kiti kwa heshima zote. Na mimi mjinga nikampelekea.

Ijumaa fundi akaenda Braamfontein, kwa wanafunzi wa sheria wanaosaidia watu bure, akarudi na karatasi ya Kiingereza. Akanipa mimi.

"Mama, nisomee. Kingereza ya hawa batoto ni ya nguvu."

Basi nikasimama uani, miwani puani, nikamsomea mashtaka yangu mwenyewe. Kwamba mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kwamba kumng'olea mlango au kumkatia maji na umeme ili ahame ni kosa, na adhabu yake ni faini au kifungo. Kwamba notisi ni ya maandishi, na ni ya mwezi mmoja. Ulimi uliniwasha niugeuze ule mwezi uwe wiki, maana nani angejua? Lakini alikuwa ananitazama mdomoni, kanitumbulia macho, nikashindwa.

"Pale pa kifungo," akasema. "Rudilia tena."

Nikarudia. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mimi, niliyekuwa nimekunja uso kama askari wa zamu, nikashikwa na kicheko kile kile. Tukaenda chumbani kwangu. Nilipoinua godoro akapiga ukelele: "Mama! Unalalia mulango?" Tukaubeba, yeye mbele mimi nyuma, tukausimamisha. Yeye akashika, mimi nikakaza skrubu. Kisha nikaandika notisi ya mwezi mmoja kama sheria inavyotaka. Aliipokea, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kopo la vifungo, na hapo hakucheka tena.

Jumamosi nikampokea mama. Tulikumbatiana tukarukaruka katikati ya uwanja wa ndege, watu na mikokoteni yao wakituzunguka. Kwenye gari nikaona jinsi alivyopungua. Nikawa naongea bila kupumua, huku nikiukwepa ule uongo wa chumba. Kila robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ilipotusimamisha nilitaka kumwambia, taa ikiwaka kijani namshukuru Mungu.

Nilimwambia tulipofika, sanduku likiwa bado mkononi.

"Mama, chumba chako kina mtu. Itabidi ulale na mimi, kitanda kimoja, mwezi mzima. Nisamehe."

Mama akakaa kitandani, akavua viatu, akalipapasa godoro kwa kiganja.

"Tangu baba yako afariki nalala peke yangu," alisema. "Na wewe umenipandisha ndege nije nilale peke yangu na huku?"

Nilikwenda kwa fundi kumwomba anirudishie ile notisi, kabla hata sijabandika maji ya chai.