Mikaratusi ya Tatu Shambani kwa Mjomba

Nilikuwa bwana miti Ushetu, na shamba la kwanza nililolipanda mikaratusi lilikuwa la mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea. Mabani ya kukaushia tumbaku yalikula kuni nyingi na miombo ilikuwa inakwisha. Niliagizwa kutafuta ardhi ya miti inayokua upesi. Mjomba alifyeka pori lake na kuliingiza katika mpango wa miti wa kijiji bila kubisha, kwa kuwa aliyemwomba nilikuwa mimi.

Miti ya kwanza ilirefuka haraka hadi watu wakaja kuitazama. Tukaikata, tukang'oa visiki, tukapanda mikaratusi tena. Hiyo ya pili ilitoka myembamba. Chini yake hapakuota hata nyasi. Majani yaliyodondoka yalikaa makavu bila kuoza, na mvua iliponyesha maji yalipita juu juu na kuondoka na udongo.

Tulipomaliza kuikata, mjomba alinipeleka katikati ya shamba, akapiga jembe. Likadunda. Akapiga tena, akaokota bonge na kulivunja kiganjani. Lilikuwa vumbi la kijivu, halina mchwa wala nyungunyungu.

"Mpwa wangu, hapa pamechoka," aliniambia. "Niachie nilime karanga."

Nilimjibu kwamba mpango wa kijiji ulitaka miti, na kwamba udongo hauchoki. Hilo la udongo nililisema tu. Chuoni nilifundishwa kuotesha miche na kupima nguzo, basi.

Tukapanda mara ya tatu. Miche iligeuka njano, mingi ikakauka kabla ya kufika magotini. Ndipo kijiji kilipomrudishia shamba lake. Alilima karanga, zikatoa maganda matupu. Akajaribu mtama, nao ukadumaa. Baada ya msimu mwingine wa njaa, yeye na mkewe walihamia Nkome, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kwa binti yao.

Nilimfuata huko. Nilimkuta mchangani, mzee wa jembe, akianika dagaa wa watu. Aliitikia shikamoo yangu, akaniagizia chakula, lakini habari za shamba hakuuliza. Mwishowe nikamwambia nilikosea.

Hakuacha kutandaza dagaa. "Wewe ulikuwa kijana," alisema. "Mimi niliona kwa macho yangu, bado nikakusikiliza."

Alifia hukohuko masika yaliyofuata, akazikwa mbali na makaburi ya wazazi wake. Nilishika koleo pamoja na wavuvi nisiowajua. Mkewe hakunisemesha siku ile, wala baadaye.