Siku Niliyokataa Kupiga Windo

"Ikigoma, naiuza," mume wangu alisema, akiinyooshea kidole mashine yangu ya kudarizi kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

Tulikuwa dukani kwangu, Tarime mjini, miaka ile dhahabu ya Nyangoto ilipowapagawisha watu. Unakwenda kununua nyanya, unaambiwa muuzaji yuko kwenye mawe, kule machimboni. Unamuulizia fundi seremala, naye yuko kwenye mawe. Hata mwenye nyumba wetu, mzee wa kuamkiwa shikamoo kila hatua, alijinunulia tochi ya kichwani, sijui aliona atamulika nini na magoti yale. Mume wangu yeye hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alikuwa ametoka huko.

Mashine aliinunua yeye, kwa dhahabu ya mara moja tu aliyowahi kuipata. Wenzake walikwenda baa. Yeye alikwenda Mwanza, akarudi juu ya lori amekumbatia kompyuta, na nyuma yake mashine imefungwa kwa magodoro. Akaniambia, "Baba yako alishona kwa miguu, wewe shona kwa umeme." Nililia, wallahi. Marehemu baba alikuja huku kutoka Pwani na cherehani yake akashona kanzu za nusu ya mji, na mimi nilikuwa nikirithi maumivu yake ya mgongo tu.

Sababu ya kuacha mgodi alinieleza baadaye sana. Kule chini ya duara, yaani shimo la kuchimbia, watu hawaitani majina yao. Kila mtu ana jina la utani, basi. Mwenzake mmoja alifukiwa, wakamtoa amekwisha kufa, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Walisubiri, wakaulizana, wakatuma watu mpaka Mbalibali, mwisho wakamzika huko huko. "Kuna mama mahali fulani anamsubiri mpaka leo," mume wangu aliniambia, na hakurudia kulizungumza tena. Ovaroli yake akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka, nami nikamshukuru Mungu.

Sasa kompyuta ikaanza kuzeeka. Inaganda katikati ya kazi. Mteja analeta picha kwenye simu mpya, haifunguki. Anachomeka flashi iliyojaa virusi, nashinda siku nzima naomba dua. Vijana waliopata mawe walikuwa wanataka vitambaa vya makochi vyenye majina yao na picha za magari ambayo hawajayanunua bado, na mimi nawaambia njooni kesho, njooni keshokutwa. Wakaacha kuja, nikabaki na sweta za shule za kutia nembo. Kila mtu mjini akawa ananipa ushauri ule ule: piga windo. Ndivyo wanavyosema huku, maana yake ng'oa mfumo wa zamani wa kompyuta, weka mpya.

Thubutu! Mimi nilijua kitu ambacho wao hawakukijua. Mashine yangu inaongea na kompyuta kwa waya mnene wa kizamani na programu yake maalumu, na programu ile nilikuwa nayo humo ndani tu. Diski yake ilivunjika zamani. Aliyetuuzia alishafunga duka. Mfumo mpya ukiukataa ule waya, nabaki na meza nzito yenye sindano.

Na mume wangu alikuwa amepata mwaliko. Wenzake wa zamani walifungua duara jipya, wanataka mtu mwenye uzoefu. Ndipo alipoweka sharti lake. "Mama watoto, tupige windo. Ikikubali, kazi inarudi, nabaki. Ikigoma, nakiuza hicho chuma, naingia duara. Siwezi kukaa hapa nahesabu magari yanayopita."

Asubuhi moja akamleta fundi mwenyewe, kutoka Sirari mpakani. Mtu mzima mwenye kitambi na Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, ambako mama huitwa mathe. Mume wangu anamwita mura, kama anavyowaita vijana wa Kikurya, na yule bwana anajisikia kweli kijana. Alitazama kompyuta yangu, akacheka.

"Mathe, hii kitu ni ya kitambo! Wacha nikuwekee mpya, utashangaa."

"Na waya wangu?"

"Utakubali tu."

"Usipokubali, utanirudishia kama ilivyokuwa?"

Akajikuna shingo. "Hiyo nayo siwezi kukuahidi, mathe. Lakini tuwe na imani."

Imani! Imani ninayo, tena naisali mara tano kwa siku, lakini sikuwahi kuambiwa niiweke kwenye kompyuta. Nilimuuliza mume wangu mbele yake, "Wewe ulipokuwa chini, ulikuwa unang'oa gogo lililoshikilia udongo ili uweke jingine? Au unaweka jipya kwanza?"

"Usinichanganyie mambo," akasema.

"Nijibu."

Fundi alikuwa amekwisha kutoa vifaa vyake, mkono unaelekea kwenye kitufe. Nilimshika mkono. Ndiyo, mwanamume wa watu, nilimshika. Nikamwambia, "Kaka yangu, asante kwa kuja, chukua soda hapo nje kwa hesabu yangu. Hii haiguswi. Picha za simu nitazichora kwa mkono wangu. Flashi ya mtu haitaingia humu tena. Nikipata uwezo nitanunua kompyuta nyingine ndogo ya kufungulia picha, lakini hii itabaki hivi hivi mpaka sindano ya mwisho ikatike."

Fundi akatoka. Mume wangu alisimama, akaenda nyuma ya mlango, akatoa ovaroli kwenye msumari. Akaikung'uta vumbi, tena taratibu, kuniudhi.

"Umechagua mwenyewe," akasema. "Basi na mimi nachagua. Mashine baki nayo. Naondoka kesho."

Nilikuwa nimeipigania mashine ili asiende, na sasa mashine ninayo na yeye anakwenda. Ningeweza kupiga kelele, sauti ninayo, majirani wote ni mashahidi. Nilinyoosha mkono tu.

"Lete hiyo ovaroli."

"Ya nini?"

"Lete, nimesema. Huwezi kwenda na nguo tupu."

Akanipa, nadhani kwa mshangao. Nikawasha kompyuta. Yarabi, siku hiyo ilichelewa kuwaka! Kioo cheusi, kioo cheusi, yeye ananiangalia, mimi naangalia kioo. Ingegoma pale, ningekuwa nimepoteza vyote mbele ya macho yake. Kisha ikapiga ule mlio wake wa kikohozi, ikafunguka. Nikaandika. Nikaibana ovaroli kwenye fremu, sehemu ya kifua, nikaweka uzi mwekundu, nikabonyeza. Waya ukaitika. Sindano ikaanza kupiga.

Alisogea kuangalia, kwa sababu hakuwahi kuacha kuipenda mashine ile. Alidhani namwekea ua, pengine, au jina la utani alilokuwa nalo huko chini. Kisha herufi zikaanza kusomeka. Jina lake kamili, aliloitwa na baba yake. Kijiji chao, Machochwe. Jina langu. Namba ya simu ya duka.

"Hii ya nini?" akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya asubuhi.

"Ya watakaokutoa," nikasema. "Wajue pa kukuleta. Mimi sitakuwa yule mama wa mahali fulani."

Nilikata uzi, nikamrushia ovaroli yake. Akakaa kwenye benchi la wateja, ameiweka magotini, anapitisha kidole juu ya herufi. Wateja wawili walikuja wakamwamkia, hakuwasikia. Alikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Kisha akainuka, akaitundika pale pale kwenye msumari, maandishi yakitazama nje.

"Sweta za shule ziko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha fungu. Akachukua mkasi, akaketi kando yangu, akaanza kukata nyuzi zilizozidi.