Mfuko Mmoja Uliopungua Benki ya Damu

Saa mbili na robo asubuhi, kwenye chumba chenye majokofu matatu na meza moja, mwanamke wa miaka thelathini na minne anaandika maneno machache kwenye dirisha jeusi la kompyuta, anabonyeza kitufe, kisha anaondoa mkono haraka kana kwamba kibodi imemuunguza.

Namba inatokea: 62.

Nyuma yake, muuguzi mkuu wa benki ya damu ya hospitali hii, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Sista, amemaliza kuhesabu mifuko kwa mkono. Amehesabu mara mbili. Ni sitini na mitatu.

"Rudia," anasema Sista.

Anarudia. 62.

"Hebu washa ile ya kaka yako."

Anaiwasha. Programu ya zamani inajibu bila kusita: 63.

Sista anageuka kuyatazama majokofu. Yananguruma tu.

Leo ni siku ya mwisho ya miezi sita aliyopewa mwanamke huyo na daktari mkuu. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa: programu yake mpya ikitoa hesabu sawa na iliyomo kwenye majokofu, itaanza kutumika leo hii. Isipotoa, kompyuta itafungwa na damu itarudi kuandikwa kwenye daftari.

Hapa hospitalini wanamwita Mama Amri ingawa hajazaa. Jina lilitokana na mdomo wake mwenyewe, maana kila ukimuuliza jambo anakwambia, "Kuna amri yake." Kazi yake ni kutengeneza programu zisizo na picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri kwa maneno, programu inatenda.

Programu ya kwanza ya benki hii aliitengeneza kaka yake, aliyefariki mwaka juzi baada ya homa ya siku tatu.

"Marehemu alikuwa akiingia hapa asubuhi haniamkii mimi kwanza," anakumbuka Sista. "Anafungua jokofu, anaangalia ndani, anafunga. Ndipo anasema shikamoo. Nikawa namwambia, wewe mwanangu, hilo jokofu limekuzaa?"

Alipofariki, ujuzi mwingi wa programu hiyo ulikwenda naye. Kilichobaki ni karatasi aliyoibandika ukutani, yenye amri kumi na moja bila maelezo. Moja ilikuwa ya kuhamisha damu kutoka jokofu moja kwenda jingine. Ilitaka namba mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya jokofu la kupokea, ya pili la kutoa, lakini karatasi haikusema hivyo, kwa sababu mwenyewe alijua.

Siku moja jokofu la tatu liliharibika, na muuguzi wa zamu, akitaka kuandika kwamba damu yake imehamia la kwanza, aliandika namba hizo kinyume. Kwenye kompyuta, mifuko arobaini na mmoja ya jokofu la kwanza ikahamia jokofu la tatu, ambalo wakati huo lilikuwa bovu na tupu. Mifuko yenyewe haikusogea hata kidogo. Lakini simu ilipopigwa kutoka wodi ya wazazi, kwamba kuna mama aliyejifungua anavuja damu, kompyuta ilisema jokofu la kwanza halina kitu.

Zilipita dakika kumi na mbili kabla Sista hajaachana na kompyuta na kufungua mlango wa jokofu mwenyewe.

Mama yule alipona, akaenda nyumbani na mtoto wake. "Lakini mimi dakika hizo bado ninazo," anasema Mama Amri. "Programu ilikuwa ya kaka yangu, na mimi ndiye niliyesema iendelee kutumika. Sikutaka iguswe."

Wiki iliyofuata alianza kuiandika upya kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust, ambayo aliijua juu juu tu. Lugha hiyo haikubali programu ifanye kazi mpaka iwe imekaguliwa mstari kwa mstari.

"Ni kama mlinzi wa getini," anasema. "Mwambie una haraka, mwambie anakujua, atakujibu fungua begi. Mwezi wa kwanza nililia. Mwezi wa pili nikaanza kumshukuru."

Kilichomwokoa zaidi ni kiunzi, yaani programu ya msaada iliyokwisha kutengenezwa na wengine, ambayo hufanya kazi kwa makro, yaani alama fupi inayozaa mistari mingi ya programu. Mama Amri anaandika tu orodha ya vitu ambavyo amri inavihitaji: jokofu la kutoka, jokofu la kwenda, idadi ya mifuko. Juu ya orodha anaweka alama ya mstari mmoja. Kompyuta ikiiona alama hiyo, inajitungia yenyewe kazi yote ya kusoma maneno ya mtumiaji na kukataa yasiyoeleweka. Maelezo anayoandika juu ya kila kitu ndiyo yanayotokea muuguzi akiomba msaada.

"Kaka aliandika mistari mia nne kwa kazi hiyo peke yake. Mimi ni arobaini. Na karatasi ya ukutani haina kazi tena, maelezo yamo humo humo ndani."

Sasa anayehamisha damu lazima ataje wazi kutoka wapi, kwenda wapi. Akiacha kimoja, programu haiendi.

Lakini asubuhi hii yote hayo hayana maana. 62 si 63.

Daktari mkuu anaingia, anaangalia kioo cha kompyuta, anaangalia saa. "Haya, Mama Amri?"

"Nipe dakika tano, daktari."

Anapitia orodha ya makundi ya damu, moja moja. Ghafla anajipiga paji la uso. Anaandika amri nyingine, ya kuonyesha mifuko ambayo programu imekataa kuihesabu. Unatokea mmoja. Jokofu la pili, rafu ya chini. Muda wake wa kutumika ulikwisha jana.

"Sista, hebu niangalizie huko chini, nyuma kabisa."

Sista anapiga magoti, anaingiza mkono, anatoa mfuko uliogeuzia lebo ukutani. Anavaa miwani. Anasoma tarehe, anavua miwani, anaisoma tena.

"Uuu! Hii ya jana kweli. Na nimeihesabu mara mbili kwa macho yangu haya!"

"Kwa hiyo tuliokosea ni sisi," anasema daktari mkuu, na kwa mara ya kwanza anavuta kiti anakaa. "Ianze kutumika."

Mama Amri anacheka, kisha anafuta macho kwa mkono wa koti. Sharti hilo, la kutohesabu damu iliyopitwa na tarehe, aliliandika mwenyewe miezi mitatu iliyopita, na kwa hofu ya leo lilimtoka kichwani. Katika programu ya kaka yake halimo. Amelitafuta kila mahali.

"Hakuliandika kwa sababu alikuwa analifanya mwenyewe," anasema polepole. "Kila asubuhi, alipokuwa anafungua majokofu."

Sista anaitikia kwa kichwa.

Stoo ya dawa nayo imeshaomba programu yake, lakini itasubiri. Jumamosi Mama Amri atabeba kompyuta yake ndogo kwenda kwa wifi yake, mjane wa kaka yake, na nakala ya programu yenye mifuko ya kubuni. Watoto wawili wa marehemu wanajua baba yao alikuwa fundi wa kompyuta, lakini hawajawahi kuona alichokuwa akikifanya.

Hatawaonyesha jinsi ya kuandika amri vizuri. Ataacha wabonyeze wanavyotaka. Mtu akikosea, programu mpya haimfokei. Inamwambia, "Pole pole, rafiki yangu. Soma tena, kisha tujaribu sote," maneno ambayo marehemu alimwambia kila aliyemfundisha.

"Wakikosea," anasema Mama Amri, "watamsikia baba yao."