Hema la Pumzi za Watu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, uani kwangu hapa Quionga, jua likiwa bado juu ya minazi. Sikusimuliwa wala sikuota. Asiyetaka kuamini aje amnuse mjukuu wangu.

Nilikuwa nimekalia mbuzi ya nazi, nakuna. Mjukuu wangu Mwanasha, niliyemlea mpaka akafika umri wa kuposwa, alikuwa anafagia. Akaja mwanamume, mgongoni kabeba moshila, mkoba ule mkubwa wa watembezi. Alibisha hodi vizuri, akaitikia salamu vizuri. Akasema anatembea pwani yote kwa miguu, anaomba mahali pa kusimamisha hema alale.

"Umekwenda kwa shefe wa kijiji?" nikamuuliza. Siku hizi mgeni hatumlazi bila shefe, mkuu wetu, kumjua.

"Ndiko nitokako, bibi. Ndiye aliyenielekeza kwako."

Akatoa kitambaa kilichokunjwa kama mswala. Ufito hakina hata mmoja. Mbavu zake ni mipira, kama mpira wa ndani wa baiskeli, ukiijaza upepo hema linasimama lenyewe. Akasema bomba la kujazia limepotea njiani, anaomba mtu ampulizie kwa mdomo.

Sasa nisikilizeni. Kwetu pumzi haitolewi ovyo. Anayempulizia mwenzake ni mwalimu wa madrasa, akishasoma, anampulizia mgonjwa. Hata uji wa moto hatuupulizi, tunasubiri upoe. Nikamwambia, "Puliza mwenyewe."

"Kifua changu kibovu, bibi."

Mwanasha akacheka. "Mwanamume mzima, nyumba umeibeba mgongoni, kuipuliza huwezi? Lete hapa. Bibi, ni kama baluni tu."

Nilimkataza. Vijana wanasikia? Akapiga magoti, akatia mdomo kwenye kichuchu cha mpira. Nikakiona kichuchu chenyewe: kimetafunwatafunwa, kina ukoko mweusi wa mate yaliyokauka, mate ya watu wengi. Hema likainuka, ubavu baada ya ubavu. Mgeni akaingia ndani, akafunga zipu, hata asante hakusema.

Mwanasha akajaribu kusimama, akaanguka. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Anafungua kinywa, hewa haiingii. "Bibi," akanong'ona, neno la pili halikutoka.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilimwita mgeni aje tumbebe. Hakuitika. Nikafungua ile zipu. Nikamkuta amelala chali, amekumbatia ubavu wa hema, ananyonya mpira kama mtoto anyonyavyo ziwa, mate yanamtiririka mpaka shingoni. Hapo ndipo nilipoona jambo nililopaswa kuliona mapema: mtu ametembea juani na mzigo ule, hahemi. Kifua chake hakipandi wala hakishuki.

Akaachia mpira, akanitazama. "Mbona unamnyima mgeni, bibi?"

Sauti ilikuwa ya Mwanasha. Na kicheko kilichofuata, chake.

Nilirudi nikaibeba mbuzi, nikautoboa ubavu wa hema kwa kile chuma cha mbuzi chenye meno. Upepo ukaanza kutoka. Niamini, nimeosha maiti, nimepasua samaki waliooza, harufu kama ile sijapata kuinusa. Ilikuwa harufu ya vinywa vya watu. Tumbaku ya mzee. Maziwa ya mtoto yaliyochacha. Homa ya mtu aliyelala mkekani muda mrefu. Pombe, meno mabovu, vyote ndani ya upepo mmoja. Na pumzi ya Mwanasha imo humo humo, na upepo unakwisha.

Ningeichambua vipi? Nilimburuta kwa makwapa, nikamwekea uso kwenye tundu. "Meza," nikamwambia. "Meza yote." Akameza. Akatapika, nikamrudisha pale pale. Mpaka kifua kikaitika.

Yule mtu akatoka, amenywea kama ngozi tupu. Akakunja kitambaa chake, akakitia kwenye moshila, akashika barabara ya Palma. Sikumfuata. Baadaye shefe aliniambia kwamba siku ile hakupokea mgeni yeyote.

Mwanasha yu hai. Lakini hakumeza pumzi yake peke yake. Anaamka ananuka tumbaku, naye hajaivuta hata siku moja. Anacheka, mara kinamtoka kikohozi cha mzee. Posa iliyokuwa inakuja haikuja tena. Anasugua meno kwa mswaki wa mti mpaka fizi zinatoka damu, haisaidii. Mimi nakula naye sahani moja, na ukweli nausema, nakula kwa kujilazimisha. Kibaya zaidi ni siku zile kinywa chake kinaponuka maziwa. Sahani naisukuma kando, namuwaza yule mtoto. Mwenye tumbaku alikuwa mzee, alipuliza mwenyewe. Huyu hata kuongea hakuwa anajua, mdomo wake aliupeleka nani kwenye ule mpira?

Mgeni mpe maji, mpe mkeka, mpe wali. Akikuomba umpulizie, funga mdomo wako, umpeleke kwa shefe mwenyewe, kwa miguu yako. Tundu nililotoboa ni dogo. Kiraka cha baiskeli kinaliziba.