Mtani Aliyezikwa Buffalo

Miaka ile ya 2014, 2015 hivi, Wamarekani walinilipa kwa kazi mbili: kuogesha wazee na kusikiliza vita. Ya kwanza nilisomea, nikapewa cheti. Ya pili hakuna aliyenifundisha, na ndiyo iliyonichosha. Kila asubuhi, kwenye chai, Mwingereza alishinda vita vya Pasifiki. Kufika chakula cha mchana, Mmarekani alikuwa keshamnyang'anya ushindi.

Nyumba hiyo ya wazee ilikuwa mtaa wa Clintonville, mjini Columbus, Ohio. Mimi nilikaa Northland, nikipanda basi la Morse Road alfajiri pamoja na Wakongo wenzangu waliokuwa wakienda kwenye maghala. Kazini tuliagizwa tuwaite wazee kwa majina yao matupu, eti ndiyo heshima. Mtu wa umri wa babu yangu, nimwite kama ninavyomwita mtoto wa jirani! Mdomo ulikataa. Wote wawili nikawaita Mzee. Mmarekani alifurahi mno, kwani alidhani ni cheo cha jeshini, kisha akataka kujua kwa nini Mwingereza naye amepandishwa.

Wote walikuwa wanamaji. Mwaka wa mwisho wa vita vikuu, meli za Waingereza zilikwenda kuungana na za Wamarekani katika bahari ya Wajapani, na hawa wawili walikuwa huko, kila mmoja kwenye meli ya taifa lake ya kubebea ndege. Hawakukutana. Mwingereza alihamia Ohio baadaye kumfuata mke, na mke akafa bila kumwachia mtoto. Mmarekani alikuwa mzaliwa wa Buffalo, ameletwa Columbus na binti yake aliyeishi Gahanna. Kilichowakutanisha ni meza ya kulia chakula.

Mwingereza alisimulia kwamba meli yao ilijengwa kwa ajili ya baridi, ikapelekwa kwenye joto, nao wakaiva humo ndani kama viazi. Maji ya kunywa yalikuwa vuguvugu. Nguo hazikukauka. Meli za Wamarekani zilikuwa na barafu, mashine za kufulia, na mtambo mzima wa kutengeneza aiskrimu. Lakini kwenye meli zao pombe ilikuwa haramu kabisa, ilhali Mwingereza, kila adhuhuri, kwa amri ya mfalme, alipewa kikombe chake cha ramu. Basi meli zilipokaribiana bandarini, mashua zilianza safari: aiskrimu ikaja huku, ramu ikaenda kule, na maofisa wa pande zote wakatazama mawingu.

"Tuliwalisha," alisema Mmarekani. "Walikuja na meli zenye kutu, wakiomba mafuta. Mpira wa kujazia mafuta waliukokota nyuma ya meli kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Vita vilikaribia kuisha wakiwa bado wanajaza tangi."

"Na ninyi sitaha zenu zilikuwa za mbao," alijibu Mwingereza. "Mbao! Mnajenga meli ya vita kama banda la kuku. Ndege ya Mjapani ikijitupa juu yetu, chuma kilibonyea tu, tukafagia vipande, tukaendelea na chai. Ikijitupa juu yenu..."

Hapo alinyamaza. Kila mara alinyamaza hapo hapo, akaomba chumvi. Meli ya Mmarekani ilikuwa imeungua, na walioungua nayo walikuwa rafiki zake. Yule Mwingereza mwenye ulimi wa pilipili hakuwahi kuivuka sentensi ile.

Ndipo nilipowatambua. Mimi nimetoka Kivu Kusini, lakini nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na huko Watanzania walinifundisha utani. Zahanati yetu ilikuwa na dereva Mpare na muuguzi Mchaga. Kutwa walitukanana: bahili wewe, mwizi wewe. Mama wa dereva alipofariki, muuguzi alilala chali mbele ya jeneza, akaapa kwamba mwanamke huyo hazikwi mpaka yeye apewe soda. Wafiwa walicheka huku wakilia. Soda alipewa, akainuka, akashika koleo kabla ya wote. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, na kwa sababu ya ruhusa hiyo hawezi kukosa kwenye mazishi yako.

Meneja wetu hakukulia Kigoma. Aliona uhasama, akawatenganisha meza. Nikamweleza kwamba hawa wana udugu wa matusi. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akanipeleka kwenye mafunzo ya kutatua migogoro. Nikiwa huko, wazee wote wawili waliacha kula. Mwishowe walirudishwa meza moja, wakala, na meneja akampongeza mpishi.

Mmarekani alifariki majira ya baridi, usingizini. Mazishi yakapangwa Buffalo, kando ya mkewe. Mwingereza alipoambiwa, alitaka kujua jambo moja tu: gari linaondoka siku gani?

Hakukuwa na gari. Meneja alinieleza kwa sauti ya upole kwamba familia inaalika ndugu na marafiki, na huyu si ndugu wala si rafiki. Huyu ndiye aliyesababisha watenganishwe meza. Hata binti wa marehemu alikuwa akimjua kama "yule Mwingereza" tu. Nilipomfikishia Mzee habari hiyo alitikisa kichwa kama aliyeelewa, akasukuma sahani kando. Kesho yake aliisukuma tena. Nilikuwa nimeshaona mara moja jinsi anavyoacha kula, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumrudishia mezani. Niliogopa, kisha nikakasirika. Kwa umri wake, angemfuata mwenzake.

Nilimpigia simu kaka yangu aliyekuwa Louisville, akifanya kazi ghalani, mwenye gari kubwa la familia.

"Bon," alisema, "donc batu ba marehemu hawataki muzee yako, na weye unataka nimupeleke kwa nguvu? Siku yangu ya off?"

"Si kwa nguvu. Ni mtani wake."

"Ile mambo yenu ya Kigoma! Siye tulikimbia vita, dada. Sasa tunabeba vita ya bazungu mu gari?"

Alikuja. Kaka yangu hulalamika kwanza, halafu hujaza mafuta. Mzee alijiandikia mwenyewe ruhusa ya kutoka, ila alikuwa na sharti moja, naye alilitamka tukiwa tumeshamfunga mkanda: hawezi kwenda mikono mitupu, anataka chupa ya ramu. Baba yetu ni mzee wa kanisa. Mimi naimba kwaya. Kaka aliingia duka la pombe amevuta kofia hadi puani, akatoka ameificha chupa ndani ya koti mfano wa mtu aliyeiba kuku.

Buffalo tulikuta theluji na upepo wa ziwani usiojua cheo cha mtu. Makaburini walikuwapo watu wachache, pasta, na wanamaji wawili vijana waliokunja bendera kwa utaratibu mzuri. Pasta alisema marehemu alikuwa mtu mpole, asiyelalamika kamwe. Nilimwangalia kaka, kaka akaangalia viatu vyake. Ndipo Mzee wangu akasukuma fremu yake ya kutembelea kwenye theluji, hadi mbele ya jeneza, na kusimama kati yake na kaburi.

"Huo ni uongo," alisema. "Huyu alilalamika kila siku. Alikuwa mjuaji, alikula mkate wangu uliopakwa siagi, na taifa lake lilikunywa ramu yangu yote. Hashuki humo mpaka nisikie mtu akikiri."

Sikumfundisha mimi. Naapa sikuwahi kumsimulia habari za Kigoma. Watu waliganda, na mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo, hasa kwa ajili ya kazi yangu.

Binti wa marehemu alimsogelea polepole. "Wewe ndiye yule Mwingereza?"

"Ndiye."

"Kila Jumapili aliponipigia simu, alikuwa hana habari nyingine. Nilidhani anakuchukia." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeuka katikati kikawa kilio. "Nakiri," alisema. "Waliinywa."

Mzee akageukia jeneza, na sauti yake ikashuka. Alisema: siku ile meli yenu ilipoungua, tuliuona moshi wenu. Tulijipanga sitahani tumevua kofia, wala hatukunywa chai. Hilo sikukwambia, kwa sababu ungejivuna.

Kisha akafungua chupa, akamimina ramu juu ya jeneza na pembeni ya kaburi. Pasta aliinamisha kichwa kwa heshima. Nami nikamkumbuka babu yangu, aliyefukuzwa kanisani kwa kumwagia wazazi wake tone la pombe ya ndizi. Waliomfukuza walikuwa wamisheni Wazungu, waliosafiri mbali sana kutuambia kwamba wafu hawanywi. Ningependa awepo pale, nimwonyeshe.

Tulirudi Columbus. Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mzee mezani, kiti cha mbele yake kitupu, uji wa shayiri umepoa. Nilimbembeleza kwa upole wote niliofunzwa. Akasema asante, akauacha. Upole ulikuwa umejaa nyumba ile, na hakuna aliyekuwa akiukosa.

Nikaangalia kama meneja yuko karibu.

"Si ajabu huwezi kula," nilimwambia. "Ninyi Waingereza hata vitani mlifika mmechelewa, mkivuta mpira wa mafuta kama mbuzi."

Kijiko kilianguka. Alinitazama kwa hasira safi, ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba. "Na wewe," alisema, "wewe unajua nini habari za meli? Umewahi kupanda meli gani?"

Nilikuwa nimemsikiliza miaka miwili. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, yeye wala mwingine katika nyumba ile.

"Boti," nilisema. "Kutoka Baraka, upande wa Kongo, hadi Kigoma. Usiku, tunakimbia risasi. Nilikuwa na mama na kaka yangu. Baba alitufuata baadaye. Mdogo wetu hakufika."

Akaokota kijiko, akakipangusa kwa kitambaa.

"Sitaha ya nini?"

"Mbao."

"Mbao!" alisema, macho yamemjaa machozi. "Mungu wangu, na ninyi pia. Vuta kiti hicho, ukae."

Nikakaa kwenye kiti cha Mmarekani, naye akaanza kula.